Bunduki Iliyomo Nyumbani ni Swali la Daktari Pia

Mjadala kuhusu umiliki wa bunduki kwa kawaida huachiwa wanasiasa, wanasheria na polisi. Watoa huduma za afya huitwa mwishoni, kushona jeraha au kuandika cheti cha kifo. Kwa maoni yangu, utaratibu huo una kasoro: bunduki iliyomo nyumbani ni suala la afya kabla risasi haijafyatuliwa.

Marekani, ambako raia wanamiliki bunduki nyingi kuliko idadi yao, wengi husema wanaziweka kwa ajili ya kujilinda. Hata hivyo, mwaka 2021 watu wapatao 48,800 walikufa kwa risasi nchini humo, na zaidi ya nusu yao, takribani 26,300, walijiua. Silaha iliyonunuliwa kumzuia jambazi mara nyingi humgeukia mwenyewe au mtu wa nyumba yake.

Wapo wasemao kwamba aliyeazimia kufa hakosi njia. Hoja hiyo ina mvuto, lakini ushahidi unaikanusha. Msukumo wa kujiua mara nyingi huja na kupita, na wengi wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Tofauti iko kwenye nyenzo: kati ya watu 10 wanaojipiga risasi, takribani 9 hufariki, ilhali wengi wanaomeza vidonge huokolewa. Mwaka 2006 jeshi la Israel lilianza kuwazuia askari vijana kwenda na bunduki nyumbani mwishoni mwa wiki. Vifo vya kujiua miongoni mwao vilipungua kwa takribani asilimia 40, na vile vya siku za kazi havikubadilika sana.

Mataifa hutofautiana katika kuliona jambo hili. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, ilinunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. Mkulima na mwindaji bado wanapata leseni, ila kujilinda si sababu inayokubalika. Japani humtaka mwombaji alete hati ya daktari kuhusu afya yake ya akili. Kinyume chake, mwaka 2011 jimbo la Florida lilitunga sheria ya kuwabana madaktari wasiwaulize wagonjwa kuhusu bunduki. Mahakama ya rufaa iliubatilisha mwiko huo mwaka 2017. Nadhani mahakama ilitenda haki. Kumuuliza mgonjwa si kumnyang'anya mali.

Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 2015 inayodhibiti silaha na risasi kwa leseni. Lakini leseni iliyotolewa mwaka jana haijui kwamba leo mwenye nayo amefiwa, amefilisika au amezama katika sonona. Anayeweza kulijua hilo ni ndugu, jirani, au muuguzi aliyeketi naye zahanati.

Basi tuulize, kwa staha na faraghani: je, nyumbani kuna silaha? Imefungiwa? Risasi zimewekwa mbali nayo? Nani ana ufunguo? Mtu anapopita katika kipindi kigumu, familia ikubaliane namna halali ya kuiweka silaha mbali naye hadi atakapopata nafuu. Swali hilohilo liulizwe kuhusu viuatilifu vya shambani, ambavyo katika kaya nyingi zetu viko karibu zaidi kuliko bastola.

Nawe mgonjwa, ukiulizwa, usidhani unashukiwa uhalifu. Anayekuuliza anatafuta muda, na kwa aliyekata tamaa, saa chache za kuchelewa zinaweza kuwa tiba yenyewe.