Kayaki Ikipinduka, Usiiache

Msomaji, wengi hudhani kuendesha kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ni kazi ya mikono. La! Nguvu ya kafi hutoka kiunoni: zungusha kiwiliwili huku ukikaza mguu wa upande unaopiga kafi. Mikono pekee huchoka upesi, hasa katika mkono wa bahari kama ule wa Kilifi, maji yakipwa na mkondo ukivuta kuelekea bahari kuu.

Je, ikipinduka? Usiiache ukaogelea. Chombo huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu. Kigeuze kikae sawa. Vika ncha ya kafi boya la kujaza pumzi, kisha ulilaze nyuma ya kiti likingame kama mrengu wa ngalawa. Tundika mguu juu yake, panda kifudifudi, geuka polepole ukiegemea upande wa boya, keti, ufue maji.

Jizoeze kwanza karibu na ufuo, ukivaa jaketi la kuokoa maisha, mwalimu akiwa kando. Mfa maji hukamata maji; wewe kamata chombo chako.