Mkono Ule Usiulalie

Kama mwenzi wako anasafishwa damu kwa sababu ya figo, hata kama wewe si daktari kuna kazi yako: kuulinda mkono wake.

Mwaka 1966 madaktari wa Bronx, New York, akiwemo James Cimino, walichapisha njia ya kuunganisha mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaoirudisha, ili huu wa pili unenepe na uhimili sindano za kila wiki. Inaitwa fistula, lakini si ile ya uzazi. Mpaka leo inategemewa sana. Tatizo ni kwamba mshipa huo unaweza kusinyaa, au damu ikaganda ndani. Hapo mgonjwa huwekewa mpira shingoni au kifuani, na hatari ya maambukizi inapanda.

Basi mkono huo usiulalie, usibebeshwe mizigo, usivalishwe saa ya kubana, wala asipimwe presha hapo. Kila asubuhi gusa fistula kwa vidole, utasikia mtetemo. Ukiukosa, msingoje kliniki ijayo, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nani kasema kushikana mikono ni kwa wachumba tu?