Kipindi cha sanaa si cha kuazimwa



Natoa dukuduku langu juu ya tabia ya baadhi yetu, walimu na wazazi, ya kuyaona masomo ya sanaa kuwa ni mchezo wa kupotezea wakati.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi kuanzia darasa la tatu. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. La kusikitisha ni kwamba ratiba ikishabandikwa ukutani, kipindi hicho ndicho cha kwanza kuazimwa. Mtihani ukikaribia, Hisabati inakiazima. Magugu yakizidi katika shamba la shule, jembe linakiazima. Wageni wakija, ufagio unakiazima. Nimefundisha vijijini kwa miaka kadhaa sasa na sijaona siku hata moja deni hilo likilipwa.

Wazazi nao wana lao. Mzee mmoja alinifuata shuleni baada ya mwanawe kurudi nyumbani na udongo wa mfinyanzi kwenye sare. Akaniambia, "Mwalimu, mimi mtoto nimemleta asome, awe kama wewe. Kuchezea udongo hata kwangu upo." Nikamjibu, "Shikamoo baba. Hicho chungu mnachopikia maharage nyumbani, aliyekifinyanga alikuwa anacheza?" Alicheka, lakini hakuridhika, na mimi simlaumu. Mkulima wa mahindi anayehesabu bei ya mbolea kila msimu ana haki ya kuuliza mtoto wake atakula nini kesho.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, jibu la swali hilo limo humuhumu mkoani kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Ruvuma. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam na kuwa mtumishi wa nyumbani. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na vifaa vya kitaalamu. Alitumia vipande vya mbao nyembamba za viwandani na rangi za mafuta zenye kung'aa, za aina ile ile inayopakwa baiskeli. Alichora ndege, chui, tembo na watu wa kwao, na picha zikauzwa kwa wapita njia eneo la Oysterbay. Akawafundisha vijana wachache, baadhi yao ndugu zake.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana Ulaya, Marekani na Japani, na wachoraji waliofuata nyayo zake walisajili ushirika wao mwaka 1990. Familia ngapi zimekula kutokana na kopo lile la rangi, sijui nani anaweza kuzihesabu. Lakini nikiwauliza wanafunzi wangu Tingatinga ni nini, wengi hunijibu kwamba ni lile gari la kuchongea barabara!

Wala tusidhani kwamba Tingatinga alikuwa muujiza uliodondoka kutoka mbinguni. Watu wa mkoa huu wamekuwa wabunifu siku zote. Tazameni ngoma ya mganda kule Nyasa. Wazee wetu waliliona gwaride la majeshi ya wakoloni na kuzisikia tarumbeta zake, na badala ya kubaki wakishangaa, walitengeneza tarumbeta zao kwa vibuyu, wakapanga mistari yao, wakazipa nyimbo maneno yao. Kitu kilicholetwa kuwatisha wakakigeuza kuwa burudani na fahari ya kijiji. Watu hao walikuwa wakulima na wavuvi. Hawakuacha kazi ili wabuni. Walibuni wakiwa kazini na baada ya kazi.

Hapo ndipo ninapoona tumekosea njia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba lao, waone wenyewe kosa liko wapi na faida imetoka wapi. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha kufikiri. Mtoto aliyelima tuta bila kuulizwa wazo lake, na mtoto anayekariri majibu ya mtihani bila kuelewa, wote wawili wamefundishwa jambo moja: kungoja kuambiwa. Kisha wakimaliza shule tunawaambia wajiajiri. Watajiajiri kwa akili ipi, kama kwa miaka yote hiyo hatukuwapa saa moja ya kutengeneza kitu ambacho hakikuwapo?

Wapo watakaosema kwamba vifaa hakuna. Ni kweli brashi na rangi za dukani ni ghali kwa shule ya kijijini. Lakini mkaa upo, chokaa ipo, udongo upo mtoni, mianzi ipo, na mabua ya mahindi yanaoza mashambani. Watoto wetu wanaunda magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele, na hakuna aliyewafundisha. Sisi huwanyang'anya magari hayo mlangoni, tukawaingiza darasani kuwasomea maana ya ubunifu!

Hivyo basi, natoa rai zifuatazo. Kwanza, walimu wakuu wakilinde kipindi cha Sanaa na Michezo kama wanavyokilinda cha Hisabati, na wakaguzi wanapotembelea shule waulize kazi za mikono za wanafunzi ziko wapi. Pili, kamati za shule ziwaalike wafinyanzi, wasusi, wahunzi na wacheza ngoma wa kijijini waje kufundisha pamoja na mwalimu, hata kama hawana cheti. Tatu, kazi za watoto zionyeshwe siku za mikutano ya wazazi na katika maonyesho ya Nane Nane, ili mzazi aone kwa macho yake. Nne, habari za Tingatinga zifundishwe katika shule zote za Ruvuma, kuanzia Tunduru alikozaliwa mpaka Mbinga na Nyasa.

Simwambii mzazi kwamba kila mtoto atakuwa mchoraji. Wengi watalima, na kilimo ni kazi ya heshima. Ninachosema ni kwamba hata jembe linahitaji mtu mwenye wazo, na wazo halioti kichwani kwa mtu aliyezoeshwa kunakili tangu utoto. Walimu wenzangu, kesho kipindi hicho kikifika, tusikiazime.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Songea, Ruvuma.