Jongoo wa Pwani

Wako wasemao kwamba jongoo wa pwani ni mdudu asiye na kazi, heri akaushwe auzwe Uchina. Neno hilo ni la ujinga. Kiumbe huyu hula mchanga, akameng'enya vilivyooza ndani yake, kisha akautoa safi. Tena, na hili wachuuzi hawapendi kulisikia, dume na jike humwaga mbegu na mayai majini pasipo kugusana. Wakiwa mbalimbali, mbegu hupotea bure. Basi wachache wanaosalia si akiba hata kidogo. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvuvi huo mwaka 2003. Zanzibar ikauacha wazi. Je, jongoo akisha kukaushwa, ana alama gani ya kumjulisha mnunuzi wa Unguja kwamba alitoka Bara?