Wacheni Kumrekodi Susu

Kuna aina ya video imejaa TikTok ya huku kwetu na imenichosha. Mnaijua. Susu ameketi nje ya nyumba, mjukuu ameshika simu, anamuuliza, "Mimi ni nani?" Susu anataja jina la mjomba aliyekufa kitambo. Kicheko. Anaulizwa tena, kicheko tena. Halafu inawekewa muziki na watu wanajaza komenti za kuchekelea. Nimeombwa hadi niisambaze moja ya Matinyani kwa ukurasa wangu. Sisambazi.

Manze, hapo mnachekea ubongo unaoharibika. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni Alzheimer, jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyekutana na mgonjwa wake Auguste Deter huko Frankfurt mwaka 1901. Mama huyo alipokufa 1906, daktari alichunguza ubongo wake akakuta vitu viwili: mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli.

Mabonge ni amiloidi. Kila mmoja wetu ana protini fulani kwenye ukuta wa seli za ubongo, na vimeng'enya huikatakata. Mkato wa aina moja huacha vipande vinavyonata, vinashikana na kurundikana. Nyuzi nazo ni protini inaitwa tau. Kazi yake ya kawaida ni kushikilia mirija midogo ya kusafirisha vitu ndani ya seli, kama kamba zinavyofunga fito za nyumba ya udongo. Ugonjwa ukiingia, kamba zinaachilia fito na kujisokota zenyewe. Nyumba inaanguka. Seli inakufa.

Sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi, ile inayoweka mambo mapya. Ndiyo maana susu anaweza kukusukia kiondo vizuri tu, maana ujuzi wa mikono umehifadhiwa kwingine, lakini hakumbuki kama alikula muthokoi saa saba. Kwa hivyo akikuuliza swali moja mara sita, kumfokea "si nimekuambia!" hakusaidii kitu. Wewe uliongea, ndiyo, lakini kwake hakuna kilichoandikwa.

Sasa tuje kwa ile story ya uoi, kwa sababu najua kuna wasee wanaisubiri. Madhara haya huanza kujijenga miaka 15, hata 20, kabla mtu hajaanza kupotea njia ya sokoni. Susu wa miaka 75 anayechanganyikiwa leo, mambo yalianza akiwa bado analima ndengu na kuwabeba nyinyi mgongoni. Jirani mliyegombana naye juu ya mpaka mwaka jana ameingilia wapi? Na hii si mchezo. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa wakiitwa wachawi. Mzee anayetoka usiku bila kujua anaenda wapi yuko hatua moja tu kutoka kwa jina hilo.

Wengine hawasemi uchawi, wanasema "ni uzee tu." Hilo nalo linaua polepole. Watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, akiwemo Christine Musyimi na Profesa David Ndetei, wamefanya kazi hii kwa majirani zetu Makueni, na walikutana na maneno hayohayo: ni umri, ni kawaida. Kikiwa kawaida, nani atapelekwa hospitali?

Halafu kuna wale wa "iko kwa damu yetu, mimi pia nitaumwa." Tulia. Kuna jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na kasoro fulani ugonjwa huja karibu lazima, tena mtu akiwa bado kijana kiasi. Lakini hizo ni chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100. Inayotajwa sana ni APOE, iko kwenye kromosomu ya 19, na aina yake ya e4 ilihusishwa na Alzheimer mwaka 1993. Kuwa nayo kunaongeza hatari, hakukupi hukumu.

Na hapa ndipo Afrika inaharibu hesabu za watu. Wazee waliochunguzwa Nyeri walikuwa na e4 kwa wingi, lakini haikuonekana kwenda pamoja na kupoteza akili vile ilivyotarajiwa. Utafiti mwingine ulilinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wa miaka 65 kwenda juu. Matokeo yalitoka 2001: kila mwaka waliopata Alzheimer walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis. Kwa hivyo yule anayekuuzia kipimo cha jeni mtandaoni anakupa hatari iliyopigiwa hesabu zaidi kwa miili ya wazungu. Mimi sinunui. Hiyo pesa nunua mashine ya kupima presha ya nyumba nzima.

Sitanii. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14, kama presha, kisukari, kutosikia vizuri, kuumia kichwa na kukosa masomo, ambayo yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kuumia kichwa, wanaboda mnasikia? Vaeni helmeti.

Dawa ya kuponya hakuna. Lecanemab ilipitishwa Marekani 2023, inapunguza kasi kidogo kwa walio mwanzoni, na inataka picha za ubongo kila mara. Iko mbali na sisi. Lakini si kila kuchanganyikiwa ni Alzheimer. Maambukizi ya njia ya mkojo, ukosefu wa vitamini B12, tezi ya shingo, msongo mkubwa wa mawazo, hata dawa zinazogongana, vyote vinaweza kumfanya mzee asikujue, na hivyo vinatibika. Ikiwa ameanza ghafla, ndani ya siku chache, mpeleke leo. Beba dawa zote anazomeza kwenye mfuko mmoja, na uende na yule anayeishi naye, kwa sababu yeye ndiye anajua ilianza lini.