Mfuko wa mtoto anayesoma bila jiko



Mmoja wa mabinti zetu alirudi vakansi kutoka Kasongo, na mama yake akashtuka kumwona: amekonda, magauni yanamcheza mwilini. Tulikaa naye, akatuelezea maisha yake. Wamepanga chumba wasichana watatu, na mwenye nyumba amekataza mbabula ndani. Umeme hakuna. Asubuhi anaenda kozi na tumbo tupu, saa sita ananunua mikate miwili ya mafuta na chai ya sukari, na jioni, kama franka zipo, sahani moja ya bukari. Kisha akacheka na kusema kwamba usiku wa mvua wanamwibia mwenye nyumba: wanawasha mbabula ndani, wanafunga mlango, na asubuhi wanaamka kichwa kinawauma.

Hapo sisi hatukucheka. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni alama zake, lakini aliyelala hazioni, na anaweza asiamke tena. Akiona alama hizo, atoke nje mara moja na wenzake. Yule mwenye nyumba tuliyekuwa tunamlaumu ana haki.

Kosa kidogo ni letu pia. Kila mwaka tunamfungia mtoto gunia la unga wa muhogo na chupa ya mawese, tunampandisha kwenye pikipiki, tunaona tumemaliza. Hivyo ni vyakula vya mtu mwenye jiko!

Tumejaribu kitu kingine, nacho kinafaa: unga uliokaangwa nyumbani. Wenzetu wa Kivu wana masoso yao, ya mahindi, soya na sorgo. Hapa kwetu tunaweka mchele mahali pa sorgo, kwa kuwa Maniema haikosi mchele tangu watu wa pwani walipouleta wakati wa Tippu Tip. Pima vikombe 4 vya mahindi, 2 vya mchele na 2 vya soya. Kila kimoja kikaangwe peke yake. Soya ndiyo yenye kazi: chagua, osha, anika, kaanga kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka maganda yapasuke na harufu ya ubichi iishe, maana soya mbichi inasumbua tumbo. Saga vyote, poza kabisa, funga kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kwa kuwa unga umeiva tayari, mtoto anahitaji maji yaliyochemka tu. Anapeleka termosi kwa mama anayeuza chai barabarani, anajaziwa kwa franka kidogo, anakoroga vijiko vitano au sita kwenye kikombe. Huo ni uji wa kumfikisha saa sita bila kusinzia kwenye kozi.

Termosi yenye mdomo mpana inaivisha hata mchele. Auloweke kwanza saa moja, amwage maji yale, atie yanayochemka, afunge vizuri na kusubiri saa mbili. Hautakuwa kama wa chungu, lakini unalika ungali moto.

Kwa kitoweo, kausha dagaa wa Tanganyika juu ya moto mpaka wavunjike mkononi, changanya na karanga zilizokaangwa, chumvi na pilipili. Wanaliwa hivyo hivyo, na wali au na ndizi iliyoiva. Karanga zichaguliwe moja moja: yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe. Sumu ya ukungu ule inaharibu ini, na kukaanga hakuiondoi.

Avoka moja na chumvi kidogo ndani ya mkate inashinda mikate miwili ya mafuta, na msimu wake ukifika bei inakuwa ndogo. Machungwa na papai pia, mradi anawe mikono na kuosha tunda kwa maji safi, kipindupindu tunakijua.

Jambo moja lilitutia hofu. Wanafunzi wengi wanatafuna muhogo mbichi na karanga kwa kuwa ni rahisi. Muhogo mtamu hauna neno kubwa. Ule mchungu una sumu, na usipolowekwa siku za kutosha, kwa mtu asiyepata samaki wala maharagwe, unaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, na mpaka leo hauna dawa ya kuurudisha mguu.

Maharagwe hatujapata njia ya kuyapika kwa termosi. Binti yetu amekubaliana na wenzake wachange kila wiki, na mama mmoja mwenye malewa karibu na chuo atawapikia chungu kimoja Jumatano na Jumamosi.

Yeye atarudi masomoni mwisho wa mwezi. Jumamosi hii tunakaanga soya pamoja, uani, baada ya soko. Mwenye mtoto Kasongo, Kindu au Kalemie aje na beseni, ungo na kopo lenye kifuniko.