Nani Anachuma Isili?

Ukishuka matatu ya namba 9 pale First Avenue asubuhi, kitu cha kwanza kukupita ni robota la nguo lenye miguu. Chini yake kuna hamali, kichwa kimezama, anapiga kelele watu wapishe. Juu yake yamepangana maghorofa ya maduka ambayo yamemfanya kila Mnairobi aamini kwamba Isili ni mtaa wa Wasomali wenye pesa. Pesa ipo kweli. Swali ni nani anayebaki nayo jioni.

Wasomali hawakujitenga wenyewe tangu mwanzo. Mwaka 1913, Profesa W. J. Simpson aliishauri serikali ya kikoloni igawe miji kwa rangi, kwa hoja ya afya. Eastleigh, ndiyo hii Isili, ikawa makao ya Wahindi na Wasomali, mbali na vilima vya Wazungu upande wa magharibi. Somalia iliposambaratika mwaka 1991, wakimbizi walifuata ndugu waliokuwa wametangulia. Pale Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni, watu walianza kuuza bidhaa vyumbani walimolala. Baadaye vitanda vikatolewa, vyumba vikawa maduka, na mtindo huo ukaenea mtaa mzima.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ya umaskini wa wahamiaji ni kuwatawanya. Mgeni aliyefika jana Isili hupata godoro, sahani ya chakula, mdhamini, na baadaye nafasi kwenye ayuuto, upatu wa Kisomali. Mtawanye, na umemnyang'anya mtaji pekee alio nao.

Kinachowagawa waliomo ni karatasi. Msomali Mkenya mwenye kitambulisho hutia saini mkataba wa duka, hulipa gudiwili, yaani ada ya kupata duka, husajili kampuni, hupanda ndege kwenda Dubai kuchukua mzigo. Jirani yake aliyesajiliwa kuwa mkimbizi katika kambi ya Dadaab anahesabiwa kuwa mtu wa kambini, hivyo hulazimika kuendesha biashara kwa jina la mwingine. Wakikosana, duka ni la mwenye jina. Waoromo wa Ethiopia, waliojaa humo humo Isili, wako nje hata ya undugu huo wa Kisomali. Mkongomani yeye yuko mbali zaidi, Kayole au Githurai, anatembeza vitenge begani akiwachungulia kanjo, askari wa kaunti.

Hamali mmoja niliyeketi naye kwenye ngazi za duka alinionyesha barua yake ya ukimbizi, imefungwa kwa nailoni, mikunjo imechanika. Huilaza chini ya mto usiku. Alikuwa mwalimu kwao.

Aprili 2014, katika msako wa polisi ulioitwa Operesheni Usalama Watch, karatasi hiyo ndiyo iliyoamua nani analala kwake. Maelfu walikusanywa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, ingawa mwaka uliotangulia Mahakama Kuu ilikuwa imefuta agizo la kuwarudisha kambini wakimbizi wa mijini. Wengi waliwaeleza watetezi wa haki za binadamu kwamba walitoa hongo ili waachwe. Msako wa namna hiyo ni kodi, na humkamua zaidi asiye na akiba.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamtambua mkimbizi kuwa na haki ya kufanya kazi na biashara. Ni hatua kubwa, na walioipigania wanastahili shukrani. Lakini kibali cha kazi bado ni mlima, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, umeelekeza macho yake Dadaab na Kakuma, kambi unazokusudia kuzigeuza manispaa. Makumi ya maelfu ya wakimbizi wanaishi Nairobi. Wanapanga, wananunua, wanasomesha. Wapewe vibali hapa hapa wanapofanya kazi, kwenye ofisi inayofikika kwa matatu, ili yule mwalimu akikodi kibanda, risiti ya kodi iandikwe jina lake.